Ekzosi ya Probox, jeki ya kuazima na boksi langu lililobanwa

Mie gari yangu ni Probox na huku kwetu Kisauni upepo wa chumvi haubakishi bati, ekzosi ilishaoza mpaka nikipita watoto wanaziba masikio. Fundi kunitajia bei nikaona ah, spana ninazo, naifungua mwenyewe. Jeki ya chupa nikaazima kwa jirani mwenye matatu.

Nikainua mbele, nikasukumia bloki ya simiti chini, zile zenye matundu, nikalala chali juu ya kipande cha boksi nikaanza kupigana na nati zilizoshika kutu. Ikaadhiniwa alasiri nikatoka, nikasema nitamalizia nikirudi. Narudi nakuta pua ya gari iko chini, jeki imezama upande kwenye mchanga na sili, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja, bloki imepasuka vipande vipande kama biskuti, na lile boksi langu limebanwa pale pale hata kulivuta siwezi. Nikakaa barazani, chai inapoa, mke wangu auliza una nini nasema sina kitu.

Jioni nikamwendea ami yangu, amefungua malori Changamwe miaka na miaka. Akanisonya kwanza. Akasema jeki kazi yake kuinua tu, ya kushikilia ni stendi, na bloki yenye matundu haipasuki polepole, ni mara moja tu basi. Nikanunua stendi mbili za pini, ile inayopita tunduni kushikilia urefu. Mwenye duka alitaka kunipa moja pini imepotea, ati nitie msumari mnene! Na muangalie yale maandishi ya tani, zengine imehesabiwa kwa jozi si kwa stendi moja.

Mchanga ndio ulionisumbua zaidi. Stendi miguu yake myembamba, hapa uani kwetu inazama kama kisigino cha harusi, kwa hivyo nikakata mbao nene ya inchi 2, kipande kipana chini ya kila stendi na chengine chini ya jeki. Handibreki juu, gia ya kwanza, mawe nikakaza mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Hapo ami akanikumbusha, siku ukiinua nyuma handibreki haikusaidii maana inashika tairi hizo hizo zilizo hewani, kaza mawe tairi za mbele.

Stendi nikaziweka pale chuma kinene, si chini ya sampu, lile bakuli la oili ya injini, wala bati la sakafu, nikashusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukalala juu ya stendi, kisha jeki nikaiacha inagusa tu. Tairi ya spea nikailaza chini ya ubavu, likianguka liangukie hiyo. Halafu ami akanambia lisukume. Nikalisukuma kwa bega, kushoto kulia, kwa nguvu kweli, stendi moja ikacheza kidogo, tukashusha tukaanza upya, na nilikasirika maana jua lilikuwa kali na nimeshachoka. Mara ya pili halikutikisika.

Ekzosi ilitoka kwa saa mbili, nati moja ilibidi niikate kwa msumeno.

Jirani alipokuja kuchukua jeki yake nikamwambia sili imekwisha hiyo. Akacheka, ati anaitumia hivyo hivyo tangu mwaka jana.