Nimestaafu lakini Desemba sipumziki

Serikalini ukifika miaka 60 unaenda nyumbani, na mimi nilienda, nikajua sasa ni kuku na mihogo tu. Lakini hapa Busia, upande wa Uganda, watu wakishajua ulikuwa mhasibu hawakuachi! Sasa kila mwaka kuanzia Novemba naweka meza kwa duka la simu la mpwa wangu, nafaili ritani za watu, yaani taarifa zao za mapato na kodi, mpaka tarehe 31 Desemba. Mwaka wa kodi wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, unaisha 30 Juni, alafu mtu binafsi anapewa miezi 6 ya kufaili, na hiyo miezi 6 wateja wangu wote wanailala, wanakuja wiki ya Krismasi wakihema.

Wengi ni wa sokoni. Chukua mtu ameuza mitumba ya shilingi milioni 15 kwa mwaka, kama hana rekodi anapigwa kodi ya 80,000 moja kwa moja, kama anazo analipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, yaani 20,000 peke yake. Mama mmoja nilimpigia hesabu hiyo mbele yake akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, "Mzee, daftari wanauza pesa ngapi?" Huyo sasa anaandika mpaka pesa ya chai.

Wenye nyumba za kupangisha ndio vichwa ngumu. Una vyumba 4 vya laki moja moja kwa mwezi, kwa mwaka hiyo ni 4,800,000, unatoa 2,820,000 isiyokatwa kodi, inayobaki unailipia asilimia 12, inakuwa 237,600. Basi wanaanza, Mzee na rangi je, na mabati, na fundi wa choo? Tangu Julai 2022 mwenye nyumba binafsi hatoi gharama yoyote, na wanaonikasirikia utafikiri hiyo sheria niliipitisha mimi bungeni. Mwingine ananibembeleza nimwandikie vyumba 2. Huyo namrudishia karatasi zake, pensheni yangu ni ndogo ndio lakini inatosha kulala vizuri.

Malipo sipangi sana, kuna wa pesa na kuna wa samaki, mke wangu anapenda wa samaki.

Kama unakuja mwaka huu, tafuta kwanza ile imeili uliyosajilia TIN, namba yako ya mlipakodi. Kama kijana wa kafe ya intaneti alikuwekea ya kwake, pasiwadi ikipotea inatumwa kwake, na yeye siku hizi yuko Dubai.