Umoja wa wakazi mtaani: kabla ya kuuliza "tunachanga shilingi ngapi?"

Kikao cha kwanza cha umoja wa wakazi, iwe Isyesye, Itezi au Forest Mpya hapa Mbeya, hufika haraka sana kwenye swali la mchango ni shilingi ngapi. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kipi chetu na kipi cha serikali. La pili ni nani anayedaiwa: nyumba au mtu. Umoja mwingi wa Mbeya unaokufa ndani ya miaka miwili umekufa kwa kuruka hayo mawili.

Tuanze na mipaka. Mtaa tayari una mwenyekiti aliyechaguliwa, kamati yake, na mtendaji anayelipwa na halmashauri. Umoja hauchukui nafasi ya hata mmoja wao. Hauna uwezo wa kumtoza faini mtu asiyekuwa mwanachama, kubomoa ukuta uliosogezwa kwenye njia, wala kuweka geti kwenye barabara ya umma kwa uamuzi wa kikao. Wanaosimuliwa mambo ya Marekani, ambako anayenunua nyumba kwenye baadhi ya mitaa anakuwa mwanachama hapo hapo na deni la ada linaweza kuifikia nyumba yenyewe, wasahau. Hapa nyumba za kawaida za viwanja hufungwa na katiba ambayo mtu ameisaini kwa hiari yake. Maghorofa yenye hati za sehemu ya jengo ndiyo tofauti: yana sheria yake ya mwaka 2008, na wamiliki wanakuwa chama kwa nguvu ya sheria hiyo.

Kwa hiyo fomu ya kujiunga yenye sahihi ina uzito kuliko hotuba kumi. Iwe na jina, namba ya kiwanja au nyumba, simu, kama ni mwenye nyumba au mpangaji, na sentensi moja: nimesoma katiba na ninakubali michango yake.

Usajili wenyewe si mlima. Watu kumi au zaidi wanaweza kuomba kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao kilichoipitisha, orodha ya wanachama wenye sahihi, taarifa za viongozi na barua ya utambulisho. Mkitaka kumiliki ardhi, tuseme kiwanja cha ghala la mahema na viti, mtahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), la sivyo kiwanja kitaandikwa jina la mwenyekiti na siku akifariki mtagombana na watoto wake.

Sasa nani anadaiwa. Andikeni kwenye katiba kwamba mchango unafuata nyumba. Kisha mgawanye aina mbili. Ulinzi na taka hulipwa na anayelala pale, awe mwenye nyumba au mpangaji. Barabara, mtaro na kalvati hulipwa na mwenye nyumba peke yake, kwa sababu thamani inayopanda ni ya kiwanja chake. Mpangaji anahama Agosti na moramu iliyomwagwa barabarani anaiacha. Umoja unaomdai mpangaji hela ya moramu unajitafutia ugomvi, na kwa kweli mpangaji ana haki ya kukataa.

Nyumba yenye wapangaji sita kwenye vyumba sita? Ihesabiwe nyumba moja, lakini mama mwenye nyumba akubali kuwa mkusanyaji. Mhazini hawezi kugonga milango sita. Mapagale na viwanja vitupu vitozwe nusu, maana mlinzi anapita hapo pia na ndiko vibaka wanakojificha.

Ulinzi ndio unaomeza fedha, na ndio unaopigiwa hesabu za uongo. Kosa la kawaida ni mlinzi mmoja, usiku saba, saa kumi na mbili kila usiku. Hizo ni saa 84 kwa wiki, wakati sheria ya ajira inaweka saa 45 za kawaida, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Usiku 28 wa saa 12 ni saa 336. Gawa kwa walinzi wawili, kila mmoja anapata usiku 14, yaani saa 168, chini ya 180 (45 mara wiki nne) zinazoruhusiwa kabla ya kuhesabu za ziada. Kwa kuwa zamu ni ndefu kuliko saa tisa za siku, weka makubaliano ya maandishi.

Mfano wa hesabu, si bei ya soko: walinzi wawili kwa 200,000 kila mmoja ni 400,000. Nyongeza ya kazi ya usiku, asilimia 5, ni 20,000. Sehemu ya mwajiri ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10 ya jumla hiyo, ni 42,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 2,100. Ukitenga 35,900 za buti, betri na mengineyo, unafika 500,000 kwa mwezi. Nyumba 40 zingelipa 12,500. Hapo ndipo umoja unapojikaanga, kwa sababu nyumba 40 hazijawahi kulipa zote. Gawanya kwa 32 na upange 16,000. Mwezi ambao wote wamelipa, ziada iende akiba ya ulinzi. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali na hubadilika, kwa hiyo kiangaliwe kila mwaka kabla ya kupanga bajeti. Kama hesabu hizi zinawachosha, chukueni kampuni ya ulinzi iliyosajiliwa. Itakuwa ghali, lakini likizo, mbadala na makato ni kazi yake.

Jambo moja la huku kwetu: Juni na Julai. Usiku wa Mbeya miezi hiyo si wa kukaa nje na koti la mitumba lililochoka. Jengeni kibanda chenye upande mmoja wazi, na mkatae kabisa jiko la mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha mtu, naye hufa usingizini. Koti zito, blanketi na chupa ya chai ni bei ndogo.

Barabara. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo kabla ya kumwaga hata tripu moja, andikeni barua kwa meneja wa wilaya kupitia mtendaji wa mtaa na wa kata. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na bajeti huanza kupikwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Mei baada ya mvua kuharibu kila kitu imechelewa mwaka mzima. Iwe mezani Oktoba au Novemba, na picha.

Mkipata ruhusa ya kujitengenezea, pigeni hesabu kabla ya kumwita dereva wa tipa. Barabara ya mita 200, upana mita 4.5, tabaka la sentimita 15 lililoshindiliwa ni mita za ujazo 135. Moramu ikiwa kwenye gari imevimba, ongeza kama asilimia 30: mita 175 hivi. Kwa tipa ya mita 7, ni tripu 25. Pima bodi la gari kwa futi kamba kabla ya kukubali bei: urefu, upana, kina. Kuna bodi za "mita saba" ambazo hazifiki tano na nusu.

Katikati ya barabara ibaki juu kuliko kingo kwa sentimita 9 hivi kwa upana huo, ili maji yaende pembeni. Moramu iwe na unyevu: ibane kwenye ngumi, ishikane bila kutoa maji. Ikishindiliwa kavu, Novemba inaondoka na mvua. Kazi ifanyike Septemba na Oktoba.

Ila moramu bila mtaro ni kuwapelekea walioko bonde zawadi. Maji hufuata njia ya tairi, yanachimba, na msimu mmoja ukiisha mzigo wote uko kwenye uwanja wa jirani wa chini. Mtaro uanze kabla ya barabara. Na adui wa mtaro ni kivuko cha geti: kila mtu anaweka bomba la inchi nne, linaziba kwa majani ya mgomba na chupa za plastiki, maji yanapanda barabarani. Wekeni kwenye kanuni kwamba kivuko ni kalvati la kipenyo cha sentimita 60, au daraja la zege la kuinuliwa kwa ajili ya kusafisha. Mwisho wa mtaro uwe korongo au mtaro mkubwa. Ukiishia kwenye kiwanja cha mtu, mpate ridhaa yake kwa maandishi. Kwa wanaoishi chini ya miteremko, tope la Mlima Kawetere lililofukia nyumba Itezi Aprili 2024 linatosha kueleza kwa nini kukata miti ya juu si suala la mwenye shamba peke yake; hapo umoja upeleke malalamiko mapema, kwa barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Taka nitapita haraka: ukusanyaji ni wa halmashauri na wakala wake, kazi ya umoja ni kusimamia siku ya gari na kuhakikisha risiti zinatolewa.

Misiba ndiyo inayowaunganisha watu kweli. Hata asiyelipa ulinzi hulipa msiba. Tajeni wazi kwenye katiba nani anahesabiwa: mwanachama, mwenza wake, mtoto, wazazi wa pande zote mbili. Mkiandika "ndugu wa karibu", mtakaa usiku kucha mkijadili shangazi. Rambirambi iwe kiasi kimoja kwa wote na itoke ndani ya saa 24, kwa sababu misiba mingi ya hapa husafiri, Tukuyu, Kyela, Makete, na hela inayofika baada ya gari kuondoka haisaidii. Fungu hili likae mbali na la barabara. Viti, masufuria na mahema viandikwe namba kwa rangi, na anayevichukua asaini idadi. Viti hupungua kwa sababu hakuna anayehesabu wakati wa kurudisha.

Fedha zikae benki, watia saini watatu, wawili watoshe kutoa, na wasiwe mke na mume. Mhazini atume hesabu kila mwezi kwenye kundi la WhatsApp: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na picha za risiti. Orodha ya wadaiwa isiwekwe pale. Apigiwe simu mmoja mmoja, akishindwa kulipa apangiwe awamu.

Uongozi ukibadilika, makabidhiano yafanyike mbele ya mtendaji wa mtaa: katiba, daftari la wanachama, mihtasari, taarifa ya benki ya siku hiyo, funguo za ghala, mhuri. Na laini ya simu inayopokea michango. Hiyo husahaulika zaidi, kwa sababu imesajiliwa kwa namba ya NIDA ya mhazini wa zamani. Akiondoka nayo, michango ya miezi mitatu inaendelea kuingia kwenye simu yake. Anzeni na lipa namba ya jina la umoja tangu siku ya kwanza.