Mshipi Ulipolalia Kusini

Tuliondoka Wesha, bandari ya Pemba, alfajiri kwa mashua ya mashine, wavuvi wa mshipi pamoja nami, abiria niliyejialika. Kusi, upepo wa kusini, lilikuwa limelegea siku ile. Tukakipita kisiwa cha Misali, ambacho sehemu ya maji yake hairuhusiwi kuvuliwa, kisha rangi ikageuka mara moja, kutoka kijani hadi buluu nzito. Hapo ndipo mwamba unapokatika. Unguja na bara hutenganishwa na maji mafupi, mita 30 au 40 hivi. Kati ya Pemba na bara ni kiasi cha mita 800.

Nahodha akazima mashine. Mbele yetu bahari ilikuwa na michirizi mirefu: mmoja umelala kama uliopakwa mafuta, wa pili umejaa viwimbi, na upepo ni ule ule.

"Ami, hapa chini kuna mwamba?"

"Mwamba wapi! Maji ya chini hayo yanapanda. Tega mshipi uone."

Maji ya juu, yaliyochomwa na jua, ni mepesi. Ya chini ni ya baridi na mazito. Maji yanapojaa na kupwa hugonga mteremko wa kisiwa, na mpaka wa matabaka hayo mawili huanza kupanda na kushuka. Mawimbi hayo ya ndani huweza kufika makumi ya mita kwenda juu, na wewe uliye kwenye mashua usitikisike. Unachokiona ni michirizi tu. Nikamsimulia nahodha jinsi Nansen, mvumbuzi wa Norwe, na meli yake Fram walivyokwamishwa na mawimbi ya namna hiyo karibu na Siberia mwaka 1893, mashine inavuta na meli haiendi. Akacheka: "Alikosa mashine ya maana huyo."

Nikatega. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ilishuka wima pima kadhaa, halafu mshipi ukaanza kulalia kusini. Mkondo wa juu hapa huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hufikia noti 4 hivi, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Ulikuwa ukituchukua sisi, huku maji ya chini, yaendayo polepole, yakiiacha chubwi nyuma. Matabaka yanaposuguana hivyo, mpaka wao huweza kujiviringa na kuvunjika, na maji ya baridi yenye rutuba yakachanganyika na ya juu.

Nahodha akautazama ule mlalo, akanipa chubwi nzito zaidi. Kolekole wakaanza kula. Lakini kila mkondo ulipotuvusha ukingo wa mwamba ilibidi mashine iwashwe turudi kusini kutega upya, na petroli ndiyo iliyotuondoa baharini kabla ya adhuhuri.