Mimba changa: mfiche jirani, usimfiche muuza dawa

Dar es Salaam mimba ya chini ya miezi mitatu haisemwi. Mwenye nayo anajifunga kanga vizuri, akitapika anasingizia vidonda vya tumbo, anasubiri umbo lenyewe litoe habari. Desturi hiyo ina busara zake. Kasoro yake ni kwamba siri ikishazoeleka inawafikia wasiostahili kufichwa: muuza duka la dawa, nesi wa kliniki, hata anayepika nyumbani. Na wiki hizo za kujificha ndizo mtoto anapojengwa.

Tuanze na hesabu. Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ukichelewa siku chache, ukapima mkojo na mistari miwili ikatoka, tayari uko wiki ya 4 au ya 5. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, yaani wiki ya 6 kwa hesabu ya kliniki. Usipofunga sawasawa ndipo anapozaliwa mtoto mwenye mgongo wazi, mara nyingi pamoja na kichwa kikubwa. Asidi ya foliki, aina ya vitamini, hupunguza hatari hiyo, lakini anayeianza mwezi wa nne amekuta kazi imeshaisha. Kiasi chake ni miligramu 0.4 kila siku, na vizuri zaidi ianze kabla hata ya kushika mimba.

Hapa pana mtego. Madukani kuna vidonge vya foliki vya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya hicho kiasi. Vina watu wake: aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, mwenye kisukari, tena kwa maandishi ya daktari. Kuanzia wiki ya 13 kliniki hutoa SP, vidonge vitatu vya kukinga malaria vinavyomezwa palepale mbele ya nesi. SP humuua kimelea kwa kumkatia foliki. Ukiwa unameza miligramu 5 kila siku, unapunguza nguvu ya dawa hiyo. Ile ya 0.4 haina ugomvi na SP. Kwa hiyo nenda kliniki na pakiti yako mkononi, nesi aisome mwenyewe.

Vidonge vya kuongeza damu vina miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Vinakera tumbo na kufunga choo, hivyo wengi huvivumilia zaidi wakivimeza usiku baada ya kula. Adui yao mkubwa ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikikutana na kidonge, au na sahani ya maharage, chuma kingi kinapita bila kufyonzwa. Weka saa moja au mbili katikati. Kidonge kiende na chungwa, pera au maji yenye limao. Ukitapika sana, muulize nesi kama unaweza kubaki na foliki peke yake mpaka tumbo litulie, kuliko kuacha vyote kimyakimya.

Juisi ya rosela, inayosifiwa mtaani kwamba inaleta damu, haiwezi kushika nafasi ya kidonge, na ya kununua aghalabu ni sukari tupu. Maini nayo yana chuma kweli, lakini gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A inayopita kwa mbali kikomo cha mikrogramu 3,000 kwa siku, na ikizidi katika miezi hii inaweza kumdhuru mtoto. Dagaa, nyama ya kawaida, choroko, na mchicha uliokamuliwa limao vinatosha.

Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, hukolea kwenye ya 9, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Tumbo tupu ndilo linalokichochea, ndiyo maana asubuhi ni mbaya. Weka kando ya kitanda biskuti kavu au mkate uliochomwa, ule ukiwa bado umelala, kisha usubiri dakika 15 kabla ya kuinuka. Baada ya hapo kula kidogo kila saa 2 au 3. Maji yanywe kati ya milo, kwa funda ndogo. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo, kwa hiyo ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha au tikiti hukaa vizuri kuliko pilau la moto. Kitunguu kikaangwe na mwingine, wewe ukiwa barazani; huyo mpishi basi lazima aambiwe. Tangawizi inasaidia: gramu 1 ya unga kwa siku, kama nusu kijiko cha chai, ukiigawa mara mbili. Wanaotema mate kutwa nzima wajue kwamba wanapoteza maji, na kwenye joto la Januari hilo si jambo dogo.

Na huku kutapika, kuna shangazi atakayekwambia ule kwa ajili ya watu wawili. Miezi mitatu ya kwanza haidai nyongeza ya chakula.

Duka la dawa ndipo siri inapoumiza zaidi. Mtu anasema tu anawashwa ukeni, anapewa flukonazoli ya kumeza, wakati mjamzito hupewa klotrimazoli ya kuweka ukeni. Anasema mkojo unachoma, anapewa doksisaiklini, dawa isiyomfaa. Anaumwa mgongo, anafungiwa diklofenaki. Sentensi moja, "nina ujauzito wa wiki saba," inabadilisha kila kitu kwenye lile dirisha. Kwa maumivu au homa, parasetamoli ndiyo ya kuanzia, lakini homa hapa mjini ipimwe malaria kwanza. Chandarua hutolewa kliniki hudhurio la kwanza. Hilo lifanyike kabla ya wiki ya 12, na mwenza aende, maana VVU na kaswende hupimwa wote wawili.

Mkorogo uachwe leo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina zebaki, na zebaki hupita kwenye ngozi mpaka kwa mtoto. Kwa sababu hiyohiyo, ukienda soko la samaki la Feri chagua changu, kibua au dagaa, uwaache papa na nduaro. Udongo wa kutafuna, ule unaoitwa pemba, unaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo. Hamu yake mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo itaje kliniki bila aibu. Pombe, sigara na shisha, hapana kabisa. Maziwa yachemke, yai likauke kiini, mishkaki isiwe na wekundu ndani, kachumbari ioshwe kwa maji yaliyochemshwa.

Mtikisiko wa bodaboda hautoi mimba, maana mfuko wa uzazi bado umejificha ndani ya nyonga. Cha kuogopa ni kuanguka. Kwenye daladala iliyojaa, kusimama muda mrefu huleta kizunguzungu, kwa hiyo omba kiti hata kama tumbo halionekani. Kutembea dakika 30 siku tano za wiki kunatosha, alfajiri au jua likishazama.

Kuna hali hazingoji asubuhi: kutoka damu, maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kuzimia, au kutapika hata maji unayokunywa siku nzima huku mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi. Maumivu ya upande mmoja pamoja na kizunguzungu yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na damu huvujia ndani bila kuonekana. Ikitokea saa nane za usiku, mgongee jirani mwenye gari, naye mwambie.