Hela iliyozaliwa Tabora

Bibi alikuwa na rupia moja ya fedha, imetobolewa juu, akiivaa shingoni kwa uzi mweusi. Juu yake Kaiser, mfalme wa Wajerumani, kavaa kofia yake ya tai, pua imelika kwa kusuguana na ngozi. Nikiigusa ananipiga kofi la mkono. "Ya Mdachi hii, si ya kuchezea."

Ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Leo ninazo rupia tatu za fedha: mbili zina herufi A, yaani zilipigwa chapa Berlin, na moja ina J ya Hamburg. Gramu 11 na ushee kila moja, na ukiidondosha kwenye saruji inalia kama kengele. Nzuri sana. Lakini zote zilikuja kwa meli.

Mimi natafuta zenye herufi T.

Vita vilipoanza mwaka 1914 Waingereza walifunga bahari, sarafu mpya zikawa haziji. Watu nao hawakuwa wajinga: fedha waliificha, noti za karatasi wakazitazama kwa jicho la pembeni. Serikali ya Mjerumani ikahamia kwetu Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli, mahali pa kutengenezea vichwa vya treni, ikageuzwa kiwanda cha pesa. Zikatoka hela 5 na hela 20 za shaba, ya njano au nyekundu, chochote kilichopatikana, pamoja na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo na mlima. Ya fedha haikutoka hata moja. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini na jeshi lao la Kongo, mchezo ukaisha. (Neno tukabaki nalo. Anayesema "sina hela" anaitaja sarafu hiyo.)

Ya tembo ya kweli sijawahi kuishika. Niliwahi kuletewa moja nyumbani, ina vitundu vidogo kama andazi lililoumuka vibaya: bandia, ya kumimina. Nikamnywesha chai kijana aliyeileta, nikamrudishia mali yake.

Hela 20 ninazo nne. Ni mbaya, nakubali. Taji limepinda, maandishi mengine yamefifia kana kwamba fundi alichoka katikati ya pigo. Lakini chukua lenzi utazame zile L mbili za neno HELLER: kwenye nyingine ncha zimechongoka, kwenye nyingine zimejikunja. Maana yake mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja. Naweza kukaa na L hizo jioni nzima hadi mke wangu azime taa.

Ya kwanza niliipata mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, kwa muuza vyuma chakavu, ndani ya kopo la misumari na nati. Ilikuwa nyeusi tii, na weusi ule ulikuwa wa miaka karibu mia. Mimi, kwa akili zangu, nikaitia limau na majivu, nikasugua mpaka ikang'aa kama kufuli jipya. Baadaye ndipo mkusanyaji mmoja aliponiambia nimeichuna ngozi. Hakuna atakayeitaka tena.

Siku ile sikujua. Niliipeleka kwa bibi mbio, nikamwambia hii imetengenezwa hapahapa, karakana ya reli. Akaigeuzageuza, akaisogeza puani.

"Mbona inanuka limau?"