Jino la Sultani

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nne, 2013, mvua imenyesha usiku kucha, na mimi saa kumi na moja alfajiri nimechuchumaa bandani nakoroga unga mweupe na molasisi kwenye kopo la Blue Band. Ule unga ni dawa ya maumivu, fenilbutazoni, sisi masaisi, yaani watunza farasi, tulikuwa tunaiita byuti tu, chungu kama shubiri ndiyo maana unaificha kwenye molasisi, na farasi niliyekuwa namkorogea, Sultani, hakuandikiwa na daktari yeyote. Niliitoa mwenyewe kwenye sanduku la dawa, kimya kimya, siku ya tisa mfululizo. Juzi mtu ameniuliza farasi wa mbio anatakiwa astaafu na miaka mingapi, nikaanza kumjibu kwa namba namba, nikaacha katikati kwa sababu kila nikijaribu narudi kwenye lile kopo.

Wacha nianzie mbali kidogo. Mimi ni Mnubi wa Bombo, kwetu Kiswahili kimeingia na jeshi tangu enzi za babu aliyekuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza, lakini farasi nyumbani hakuna aliyewahi kumshika. Waganda wanamwita embalaasi na wengi wamemuona kwenye televisheni tu. Nilipopata kazi kwenye banda moja la kupandisha watalii, chini ya Jinja kando ya Nile, vijana wa boda walikuwa wananisimamisha barabarani nikiwa namtembeza Sultani wananiuliza, sebo, hii kitu inakula lita ngapi? Nawajibu inakula majani na mshahara wangu.

Sultani alitokea Kenya. Alikimbia Ngong, ule uwanja wa Nairobi uliopo tangu 1954, akamalizana na mbio, akauzwa, akauzwa tena, mwisho akapakiwa kwenye lori akavuka Malaba. Hiyo ndiyo safari ya wengi bana, na watu hawaijui. Farasi wa mbio anaanza kukimbizwa akiwa na miaka miwili, mifupa ya mgongo bado haijakomaa maana inaendelea mpaka mitano au sita hivi, halafu kabla hajafika kumi wengi wameshaachwa, na mnyama mwenyewe anaweza kuishi ishirini na tano hadi thelathini. Sasa piga hesabu, maisha yake mengi ni baada ya mbio, na baada ya mbio maana yake ni kwa watu kama bosi wangu na watu kama mimi.

Karatasi alizokuja nazo zilisema ana miaka 14. Alikuwa rangi ya kahawia iliyoiva na alama nyeupe usoni kama mtu amemdondoshea maziwa, mpole mpaka watoto wanapita chini ya tumbo lake. Mguu wa mbele wa kulia, nyuma ya mfupa, kano ilikuwa imevimba imejipinda nje kama upinde, jeraha la zamani la mbioni. Kano ikikatika nyuzi zake haziungi kama mwanzo, panajaa kovu, na kovu halivutiki, kwa hiyo pale pale ndipo patakapoumia tena. Nilikuwa napapasa ule mguu kila asubuhi. Ukiwa baridi nashukuru Mungu.

Mwezi wa tatu ule mguu ukaanza kuwa wa moto.

Vilevile alikuwa anaokota majani, anatafuna, halafu anatema kidonge kama yai la kuku, kimelowa, majani hayajasagika. Nilivikuta vimejaa sakafuni. Na pale juu ya macho pakazama, mashimo mawili unaweza kuweka kidole gumba. Nilijua ni uzee, siwezi kujifanya sikujua. Ila bosi alikuwa ameshasema mbele yetu wote, tena bila hasira, kwamba farasi asiyebeba mgeni halishwi, na wa mwisho kabla ya Sultani aliyechechemea alimalizwa kwa risasi siku ya Alhamisi na Ijumaa banda lake limeoshwa limepata mwingine. Kwa hiyo kichwani mwangu kustaafu na kufa lilikuwa neno moja. Nikaona bora byuti.

Na nisiwafiche, kulikuwa na tipu pia. Sultani ndiye aliyekuwa anapendwa na wageni, Jumapili moja na yeye nilikuwa naweza kurudi na hela ya wiki nzima.

Ile dawa inafanya kazi vizuri mno, hapo ndipo ubaya wake. Nchi nyingi zimeikataza isiwe kwenye damu ya farasi siku ya mbio kwa sababu hiyohiyo, haimponyi, inamnyima habari za mguu wake mwenyewe. Asubuhi ile nilimtoa nje akaenda mwendo wa matiti mlaini kabisa (ndiyo, unaitwa hivyo, msicheke, wazee ndivyo wanavyouita ule mwendo wa kurukaruka kabla ya shoti) nikafurahi kama nimemtibu.

Wageni walikuwa familia ya Kampala, baba, mama na binti wa miaka kumi na mbili hivi, wamekuja na gari safi na helmeti za kukodi. Binti akampanda Sultani. Mimi nikatembea pembeni kwa miguu kwa sababu ndivyo tulivyofanya na watoto, mkono wangu kwenye hatamu, tukapita mashamba ya kahawa na migomba, watoto wa kijiji wanatukimbiza wanapiga kelele mzungu bye na hapakuwa na mzungu hata mmoja.

Pale njia inaposhuka kwenda mtoni udongo mwekundu ulikuwa umegeuka sabuni. Sultani akaweka mguu wa kulia, nikaona kile kifundo juu ya kwato kikishuka chini, chini kupita kawaida, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Halafu magoti. Farasi wa kilo mia nne hamsini akipiga magoti unasikia kwenye nyayo zako. Binti akaja mbele juu ya shingo, nikamdaka kwa kiuno, tukaanguka wote matopeni, mimi chini yeye juu, helmeti yake ikanigonga mdomo. Hakupata hata mchubuko. Alikuwa anacheka, kisha akalia, kisha akauliza kama farasi ameumia.

Sultani aliinuka kwa mara ya pili, ya kwanza ilimshinda. Akasimama anatetemeka mabega, tope mpaka puani, na hakukimbia. Nilimshusha tandiko nikalibeba kichwani nikarudi naye taratibu, kilomita mbili hivi.

Baba mtu alinifuata bandani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, sebo, umeniokolea mtoto, Mungu akubariki, akaacha kiganjani noti ya elfu hamsini. Mdomo wangu unatoka damu, nikasema webale, asante mzee. Nikaipokea.

Jioni ya siku hiyo akafika fundi wetu wa kwato. Alikuwa anakuja kila baada ya wiki sita hivi, anapanda basi Nairobi, anavuka Busia na begi lake la nyundo na misumari, mzee wa Kikenya aliyeingia mabanda ya Ngong akiwa mtoto. Sisi tulimwita Mzee wa Ngong, jina lingine sikulisikia. Hakuuliza kilichotokea. Aliokota lile kopo langu, akalinusa, akaliweka chini.

"Siku ngapi?"

"Tisa, Mzee."

"Daktari anajua?"

Nikanyamaza. Akamwendea Sultani, akamsemesha kidogo, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. "Lete tochi, kijana. Angalia jino la pembeni kabisa, la juu. Unaona mfereji?"

Nikauona, mstari wa kahawia umechimbwa katikati ya jino kama mtu amekwaruza kwa msumari, umetoka juu mpaka ncha ya chini. Akanieleza polepole. Ule mfereji unachungulia kwenye fizi farasi akiwa na miaka kumi, kwenye kumi na tano umefika nusu ya jino, kwenye ishirini umelimaliza lote, baada ya hapo unaanza kufutika kutokea juu. Si saa ya ukutani, unaweza kupishana mwaka au miwili, lakini hauwezi kupishana mingi hivyo. Wa Sultani ulikuwa umefika chini na pale kwenye fizi umeshaanza kupotea.

"Huyu ana ishirini na kitu," Mzee akasema. "Kumi na nne ni ya karatasi."

Yaani tulikuwa tunambebesha watu babu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, tukiwa karibu rika.

Mzee hakwenda kunishtaki. Alisema tu tusimpe kitu siku mbili dawa imtoke, halafu Jumatano akamwita bosi atoke ofisini aone jambo. Akanipa kamba, nikamkimbiza Sultani kwenye murram ngumu mbele ya geti. Kila mguu wa kulia ukigusa ardhi kichwa kinaruka juu, ukigusa wa kushoto kinashuka, juu, chini, kama mtu anayeitikia swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Bosi si mtu mbaya, niseme hilo. Alitazama mara mbili akasema inatosha.

Halafu akauliza la kwake. "Akipumzika, nani anamlisha?"

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la miaka ni dogo. Kulikuwa na farasi akiitwa Red Rum kule Uingereza, Mzee alikuwa anapenda kumtaja, alishinda Grand National, mbio zao kubwa za kuruka viunzi, mara ya tatu 1977 akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka uliofuata akapatikana na ufa mwembamba kwenye mfupa wa mguu siku moja kabla ya mbio, wakamstaafisha palepale, akaishi mpaka miaka thelathini. Na Ferdinand je, aliyeshinda Kentucky Derby, zile mbio kubwa za Marekani, 1986? Alipelekwa Japani kuzalishwa, hakupata wateja, na inaaminika alichinjwa 2002. Wote wawili walikuwa mabingwa, tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na mahali pa kwenda.

Wa kwetu alipata mahali kwa bahati. Kulikuwa na farasi jike mdogo ndiyo kwanza ameletwa, anapiga mateke ukuta usiku kucha kwa upweke maana hawa ni wanyama wa kundi. Mzee akapendekeza wawekwe pamoja, Sultani awe mwenzake. Bosi akakubali nyasi, pumba akakataa, na kwa meno yale yasiyosaga tena, bila pumba iliyolowekwa angekonda afe. Nikasema pumba ni juu yangu. Aliishi karibu miaka mitatu mingine, yule jike alitulia, na alipofika mwisho daktari alikuja na sindano asubuhi akiwa amesimama juani.

Lakini nilikuwa nasema ile Jumatano. Bosi alipoondoka nilitoa ile elfu hamsini, bado imekunjwa na ina tope, nikamwambia Mzee yote, nani alinipa na kwa nini. Nikamnyooshea. Sikuitaka.

Aliikunjua, akaifuta kwenye aproni yake ya ngozi, akairudisha kwenye mfuko wa shati langu.

"Gunia la pumba ni bei gani huku kwenu?"

Nikamtajia.

"Basi inabaki na ya molasisi," akasema, akainama akaendelea kupiga msasa kwato.