Maji ya Kisima

Novemba 2017 nilirudi nyumbani Mikindani nikiwa nimeua kolamu. Kolamu ni bomba fupi la chuma la mashine ya kromatografia, yaani ya kutenganisha kemikali, sentimita 15 tu, lililoshindiliwa punje za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni 18. Tena ilikuwa ya kuazima. Msimamizi wangu kule Dar hakunigombeza. Aliniambia tu niende nikapumzike, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dawa ukishaimeza lazima ipenye utando wa seli za utumbo, na utando huo ni tabaka mbili za mafuta zilizozungukwa na maji. Kupima upenyaji huo kwa wanyama au kwa seli hai ni gharama na ni kazi ndefu. Sisi tulipita mkato. Unayeyusha majini dodesili salfeti ya sodiamu, ndugu yake sabuni. Ikizidi takriban milimoli 8 kwa lita, molekuli zake hujikusanya vifundo, mikia ya mafuta ndani, vichwa vinavyopenda maji nje. Kifundo hicho ndicho miseli. Si utando wa seli, lakini kimeiga tabia zake: mafuta huku, maji kule, chaji mpakani. Unapitisha dawa kwenye kolamu pamoja na maji hayo, kisha unaangalia imechelewa dakika ngapi kutoka.

Mimi nilipewa dawa za presha. Atenololi haipendi mafuta, hutoka mapema, propranololi hung'ang'ania. Na mwilini ndivyo zilivyo: atenololi hufyonzwa kama nusu tu, propranololi hufyonzwa karibu yote. Nilihitaji dawa kumi na kitu hivi, nichore mstari wangu wa kulinganisha uchelewaji na ufyonzwaji, nihitimu.

Siku nilipotengeneza mchanganyiko, ukafanya ukungu mweupe. Nikaupasha moto kidogo, ukatakata kama maji ya mvua. Nikafurahi! Nikaupeleka kwenye mashine, chumba chenye kiyoyozi cha kugandisha samaki. Kufika saa sita presha ya pampu ikapanda, ikapanda, mashine ikajizima.

Nyumbani ulikuwa msimu wa korosho. Shangazi alikuwa uani anabangua, mikono kaipaka majivu, na bado vidole vimebabuka. Mafuta ya ganda lile hayana adabu: asidi yake ya anakardiki ina mkia wa kaboni 15, mkia wa mafuta mtupu, basi ngozini yanaingia bila hodi. Nikaanza kumweleza, akanikatiza.

"Mwanangu, hayo baadaye. Nifulie hizo khanga."

Nikateka maji kisima cha karibu na ufuko, nikasugua sabuni ya mche mpaka mkono ukachoka. Povu hakuna. Juu ya beseni vikaelea vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika.

Shangazi akacheka. "Nani kakutuma uteke hayo? Yana chumvi, hayaelewani na sabuni. Ya kufulia ni ya bomba, yamo kwenye pipa."

"Chumvi gani, shangazi?"

"Mimi nitajuaje? Si wewe unayesomea?"

Nilibaki nimeinamia beseni, khanga inachuruzika miguuni. Vipande vile nilishaviona. Vya kisimani ni kazi ya kalisiamu na magnesiamu, huishika sabuni zikaigandisha. Na kwenye chupa yangu je? Bafa, yaani chumvi za kutuliza kiwango cha asidi, niliitengeneza kwa fosfeti ya potasiamu, kwa sababu kitabu changu cha kromatografia ya kawaida, isiyo na miseli, kiliandika hivyo, nami nikanakili kama kasuku. Dodesili salfeti ikikutana na potasiamu haikai majini. Ukiipasha moto huyeyuka, ndiyo maana nilidanganyika. Ikipoa inaganda upya. Na chini ya kiyoyozi kile ilikuwa imepata pa kupolea, ndani kabisa ya kolamu ya watu.

"Fosfeti ya sodiamu," nikasema kwa sauti.

"Unasemaje?"

"Hamna, shangazi. Nilikosea maji."

"Si ndiyo nakwambia tangu saa ile," akasema, akaokota korosho nyingine.